Jifunze kushuka kabla ya kwenda: nasaha kwa wanaoanza kuendesha skuta za kujisawazisha hapa Tanga

Mwenyeji wa Raskazone

Habari za jioni wanajukwaa, na kwa wazee wangu shikamoo.

Nimefungua uzi huu kwa sababu wiki hii watu watatu wameniuliza jambo lilelile, na kila mmoja nimemjibu nusunusu tukiwa barabarani. Skuta zinazojisawazisha zenyewe, zile ambazo mtu husimama wima kati ya magurudumu mawili akashika mpini, pamoja na hovabodi ambazo hazina mpini, zimeanza kuonekana mjini kwetu. Nyingine zinaletwa na jamaa walioko ng'ambo, nyingine zinanunuliwa zikiwa zimeshatumika. Huu ni mwaka wa tatu nawafundisha wageni na majirani kwenye uwanja wa sementi ulio nyuma ya nyumba ya wageni ya mjomba wangu, na neno langu kwa anayeanza ni moja: ajifunze kushuka na kusimama kabla hajajifunza kwenda. Wengi huanza kinyume chake, na niliowaona wakiumia karibu wote waliumia hapo.

Kwanza tuelewane chombo hiki kinafanyaje kazi. Mtoto akichukua mti wa fagio akausimamisha juu ya kiganja, mti ukilalia mbele kiganja hukimbilia mbele kuuwahi, na ukilalia nyuma kiganja hurudi. Skuta hii hufanya vivyo hivyo, wewe ukiwa ndiye mti na magurudumu yakiwa ndiyo kiganja. Ile Segway ya mwanzo, skuta yenye mpini ambayo mvumbuzi Dean Kamen aliizindua Marekani mwezi Desemba mwaka 2001, ina vihisi vinavyopima mwinamo wa mwendeshaji takriban mara 100 kwa sekunde, na mota zinasukuma magurudumu ili yawe chini yako muda wote. Ukiegemea mbele kidogo inakwenda, ukisimama wima inatulia, ukirudisha uzito kwenye visigino inapunguza mwendo na hatimaye inarudi nyuma. Haina breki ya kukaba mkononi kama ya baiskeli. Breki yake ni visigino vyako.

Sasa hapa ndipo penye jambo lenyewe. Ili kiganja kiuwahi mti unaoanguka, ni lazima kiwe na uwezo wa kukimbia kuliko ule mti. Segway ya toleo la baadaye liitwalo i2 mwisho wake ni kilomita 20 kwa saa. Ikiwa tayari iko kwenye mwendo huo nawe ukazidi kuegemea mbele, haina tena mwendo wa akiba wa kukuwahi, ndiyo maana watengenezaji waliiwekea kinga: inapokaribia ukomo wake, jukwaa unalokanyaga huinuka upande wa mbele na mpini hukusogelea kifuani, kana kwamba mtu amekuwekea mkono akisema ngoja. Anayeanza, asiyeambiwa maana ya ule msukumo, huona chombo kinamshinda nguvu, naye hushindana nacho kwa kuegemea mbele zaidi. Ndugu zangu, usishindane nacho. Ukisukumwa nyuma, kubali kurudi nyuma, kunja magoti, weka uzito visiginoni, na mwendo utashuka wenyewe.

Hali hiyohiyo hutokea betri ikikaribia kwisha. Mwaka 2003 Segway takriban 6,000 zilirudishwa Marekani ili zifanyiwe marekebisho, kwa sababu chaji ilipokuwa ndogo na mwendeshaji akaongeza mwendo ghafla, akagonga kizuizi, au akaendelea na safari baada ya kuonywa kwamba betri inaisha, nguvu haikutosha kumshikilia, akaanguka. Kwa hiyo taa ya betri ikishaanza kuonya, shuka palepale ukisukume chombo kwa mkono hadi nyumbani. Usijiambie kwamba umebakiza nyumba tatu tu.

Kuhusu kushuka, nitaeleza kwa urefu. Simamisha chombo kabisa, yaani magurudumu yasizunguke hata kidogo. Shika mpini kwa mikono yote miwili, lakini usiuvute wala usiuegemee. Rudisha mguu mmoja nyuma taratibu mpaka unyayo wote ugote chini, na kichwa kibaki kinatazama mbele, si miguuni. Ukishajiona umesimama imara juu ya mguu huo, ndipo utoe wa pili. Mpini usiuachie mpaka chombo kimezimwa au kimewekwa katika hali ya kuegeshwa, kwa sababu kikiwa kinajisawazisha bila mtu juu yake kinaweza kuondoka chenyewe, na i2 ina uzito wa karibu kilo 48, ambao ukimpata mtoto mguuni si jambo dogo.

Makosa ya kushuka ni mawili. La kwanza ni kushuka kwa mbele kama mtu anayeruka kutoka kwenye daladala. Ukifanya hivyo unaegemea mbele, nacho kinakufuata na kukupiga kwenye muundi. La pili ni kushuka nusu, kubadili nia, kisha kurudisha mguu juu kwa haraka. Hili la pili ndilo lililonipata mimi. Nilikuwa nazunguka uwanja, nikasukumwa nyuma kwa sababu nilikuwa nimezidisha mwendo, nikashtuka nikaweka mguu mmoja chini wakati chombo bado kinatembea, kisha nikaona aibu mbele ya wageni nikaurudisha. Magurudumu yaligeuka nyuma kwa nguvu chini yangu, nami nikaenda mbele kwa viganja. Kiganja cha kulia kilichubuka chote, na punje za mchanga wa matumbawe ziliingia ndani ya ngozi. Mke wangu alizitoa moja moja kwa ncha ya sindano na maji ya chumvi, kazi ya zaidi ya saa nzima. Baadaye sana ndipo nikasoma kwamba mwaka 2006 Segway zote zilizokuwa zimeuzwa hadi wakati ule, takriban 23,500, zilirudishwa kurekebishwa programu yake kwa sababu ya hali hiyohiyo: mwendeshaji anasukumwa nyuma, anashuka, anarudi juu kabla hakijasimama, na magurudumu yanageuka. Aliyenunua iliyotumika hana uhakika kama yake ilipita kwenye marekebisho. Hivyo mguu ukishagusa chini, umeshashuka. Simama, pumua, uanze upya.

Kwa leo naishia hapa. Wenye maswali karibuni.

Mama wa Chumbageni

Ahsante sana kaka kwa maelezo haya. Binti yangu ana miaka 13, na baba yake mdogo ameleta skuta yenye mpini kutoka Oman. Mtoto ni mwepesi, hata kilo 40 hajafika, lakini ana akili ya vyombo na baiskeli anaiweza vizuri kuliko kaka zake. Je, nimruhusu? Na kama jibu ni hapana, nimweleze nini ili asione kwamba nambania tu?

Mwenyeji wa Raskazone

Dada yangu, kama ni Segway ya aina ya i2, jibu ni kwamba asubiri, na sababu yake si umri peke yake. Mtengenezaji ameweka uzito wa chini kuwa kilo 45 na wa juu kuwa kilo 118. Nilisema kwamba breki ni uzito wako ukienda visiginoni. Mtu mwepesi mno akijirudisha nyuma, uzito alionao hautoshi kukiinamisha chombo vya kutosha, kwa hiyo anaweza kukiwasha na kukiendesha, lakini kukisimamisha akashindwa. Mwambie hivyo hivyo, ataelewa. Kama ni ya aina nyingine, tazama kibandiko chini ya jukwaa au kijitabu chake, uzito utakuwa umeandikwa. Kama haukuandikwa popote, chukulia kwamba hana ruhusa.

Ukifika wakati wake, hakikisha kuna hali ya mwanafunzi na kwamba imewashwa. Segway za mwanzo zilikuja na funguo za rangi tofauti, na wa mwanafunzi ulikuwa mweusi. Zilizofuata zina kidude kidogo cha mkononi chenye kioo, na hali ya mwanafunzi ikiwashwa hutokea picha ya kobe, mwendo ukashuka hadi kilomita 10 kwa saa hivi. Mimi simpandishi mtu kabla sijamwonyesha huyo kobe kwa macho yake.

Fundi wa Ngamiani

Mimi ni fundi baiskeli, kibanda changu kiko Barabara ya 12, na kwa muda sasa naletewa hizi skuta kujazwa upepo. Naomba niongeze la tairi, kwani mwenye uzi amelipita.

Vijana huja na kuniambia nijaze kama baiskeli, tairi iwe ngumu kama jiwe. Siyo sahihi. Ile ya i2 inataka upepo wa pauni 15 tu kwa inchi ya mraba, na ile ya x2 yenye tairi pana za kwendea porini inataka 4, ambazo kwa mkono wa fundi wa baiskeli zinaonekana kama tairi iliyotoboka. Tairi ikijazwa kupita kiasi inadundadunda juu ya kokoto, na kila inaporuka juu gurudumu linakosa mshiko, nacho chombo hiki hukaa wima kwa ajili ya mshiko huo tu. Jambo la pili ni usawa: upande mmoja ukiwa na upepo mdogo, chombo huvutia upande huo, na anayeanza hudhani ni yeye asiyejua kukata kona. Kabla ya kupanda, bonyeza tairi zote mbili kwa dole gumba. Inachukua muda mfupi kuliko kufunga kamba za viatu.

Tena sisi tunakaa kandokando ya bahari. Hewa ya chumvi huingia kwenye tundu la chaji, na nimeshafungua moja nikakuta vyuma vya ndani vimefanya ukungu wa kijani. Pafutwe kwa kitambaa kikavu, na kifuniko chake kirudishwe kila mara.

Kijana wa Makorora

Nimesoma kwa makini na ninaheshimu uzoefu wenu, lakini naona hofu imezidi. Kilomita 20 kwa saa ni mwendo wa baiskeli, na mji wetu ni mji wa baiskeli tangu enzi za babu zetu. Bodaboda zinakwenda mara tatu ya hapo bila wapanda wake kufundishwa namna ya kushuka. Mimi nataka yangu niitumie kwenda kazini kila siku, kutoka Makorora hadi karibu na bandari. Kuna ubaya gani?

Mwenyeji wa Raskazone

Mdogo wangu, hoja yako ni ya msingi na inastahili jibu la kweli. Mwendo ni uleule, lakini kuanguka si kulekule. Baiskeli ikiishiwa nguvu unaacha kukanyaga, nayo inaendelea kuserereka huku ukitafuta pa kuweka mguu. Skuta hii ikikatika nguvu hakuna muda huo. Kile kilichokuwa kinakushikilia kimeondoka, nawe unaanguka kuelekea kule ulikokuwa umeegemea, yaani mbele. Baiskeli pia ina gurudumu la mbele linalokutana na shimo kabla yako, lakini hapa magurudumu yote mawili yako sambamba na miguu yako, kwa hiyo shimo likilikuta gurudumu linakukuta na wewe.

Halafu tazama njia yenyewe. Kwenye pembe za mitaa ya Ngamiani, mvua ya masika ikipita, huachwa ulimi wa mchanga juu ya lami, mwembamba kiasi kwamba mwenye baiskeli haufikirii. Gurudumu moja likiingia kwenye mchanga huo na jingine likabaki kwenye lami, moja linateleza na jingine linashika, na chombo kinajipinda ghafla. Kwa anayeanza ninakataza mchanga, kokoto, majani mabichi na vigae vilivyolowa, si kwa sababu chombo hakiwezi kupita kabisa, bali kwa sababu kupita hapo kunataka mtu aliyekwisha kuzoea kukunja magoti bila kufikiri. Tuta la barabarani likabiliwe kwa kunyooka, magurudumu yote mawili yapande pamoja; ukilikata kwa mshazari, moja litakuwa juu na jingine chini. Ukingo wa mtaro na ngazi usizipande kabisa, shuka uvute.

Na kuna upana. Mwili wako ukipita mahali haimaanishi magurudumu yatapita, kwani yametokeza kila upande nje ya miguu. Wageni wangu wawili wameligonga gurudumu kwenye nguzo ileile ya lango, iliyopakwa chokaa nyeupe, wote wakiwa wanaitazama. Tangu hapo ninawaambia watazame uwazi wanaotaka kupita, wasiitazame nguzo, kwa kuwa unakotazama ndiko mabega yanakokwenda, na mabega yakienda chombo kinafuata.

Kwa hiyo kazini utakwenda, lakini si mwezi huu. Ukimaliza wiki mbili uwanjani, nenda asubuhi na mapema kwenye mtaa mtulivu, ukiwa na kofia ngumu iliyofungwa kidevuni, nyaya za masikioni ukiziacha nyumbani. Barabara kuu yenye malori ya bandari usiingie nacho.

Muuguzi Mstaafu

Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka mingi na sasa nimepumzika, ila jambo hili limenigusa.

Mtu akianguka mbele hutanguliza mikono, ni maumbile, na mfupa unaovunjika mara nyingi ni ule ulio juu kidogo ya kifundo cha mkono. Kwa watoto wanaoanguka na hovabodi ndio jeraha linalotajwa sana. Kwa sababu hiyo, pamoja na kofia, naomba mvae vikinga vya vifundo vya mkono, vile vyenye kipande kigumu upande wa kiganja. Hata hivyo, kwenye skuta yenye mpini msivae vilivyo vigumu mno hadi vidole vishindwe kushika. Magoti na viwiko navyo vifunikwe. Viatu viwe vya kufunika mguu wote na soli bapa. Kandambili zinateleza juu ya jukwaa, na kina dada, baibui na khanga zikunjwe juu ya kifundo cha mguu, kwani gurudumu liko karibu sana na pindo.

Na mtu akigonga kichwa, hata akisema hajambo, asiachwe alale peke yake siku hiyo. Akitapika, akisinzia kupita kawaida, au akirudia swali alilokwisha kujibiwa, apelekwe hospitali bila kusubiri kuche.

Mama wa Chumbageni

Nashukuru sana bibi yetu, marahaba tumeipokea. Nina swali la mwisho kuhusu chaji. Kaka yake binti yangu ana hovabodi aliyoinunua bei rahisi, na huichomeka usiku chumbani, chini ya kitanda.

Mwenyeji wa Raskazone

Dada, hili usilisubirishe hata usiku wa leo. Itoe chumbani kwanza, kisha urudi usome. Mwezi Julai mwaka 2016 Marekani ilitangaza kwamba hovabodi zaidi ya 500,000 za kampuni mbalimbali zirudishwe kwa sababu betri zake za lithiamu zilikuwa zinapata joto, kuwaka moto na hata kulipuka. Mwaka huohuo kukawa na kipimo cha usalama cha umeme wake kinachoitwa UL 2272, na kilichopita kipimo hicho huwa na alama yake kwenye mwili wa chombo. Bila alama hiyo mimi nisingekiingiza ndani.

Kichajiwe mchana mtu akiwepo, juu ya sementi, mbali na godoro, mapazia na mlango wa kutokea, kwa chaja yake mwenyewe na si ya kuazima. Kikitoka juani au kikitoka kutumika, kiachwe kipoe kwanza. Kikivimba, kikinuka kama plastiki inayoungua, au kikiwa cha moto kiasi cha kushindwa kukigusa, zima umeme ukutani, watoe watu nje, na usijaribu kukibeba.

Nikiwa bado hapa, nimekumbuka jambo la kurudi nyuma ambalo sikulieleza mwanzoni. Chombo kinaweza kurudi nyuma, lakini huna macho kisogoni, na ukirudi hutajua umekaribia nini. Mwezi Septemba mwaka 2010, huko Uingereza, James Heselden, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa mmiliki wa kampuni ya Segway, alianguka kwenye genge akiwa juu ya chombo hicho akafariki, na uchunguzi wa kifo chake ulisikia kwamba huenda alikuwa akirudi nyuma kumpisha mtu mwenye mbwa. Kila ninapolikumbuka hilo huwatazama wageni wanaotaka kupigwa picha kwenye ukingo wa bahari, kisiwa cha Toten kikiwa nyuma yao, na mpiga picha anawaambia rudi kidogo, rudi kidogo tena. Nimewakataza. Anayetaka picha ya ukingoni ashuke, azime, asimame kwa miguu yake. Na unapotaka kumpisha mtu njiani, simama, shuka, kisha usogeze chombo kwa mkono.

Kijana wa Makorora

Kaka, nimekuelewa, na la nguzo ya lango limenikaa. Naomba nije uwanjani kwako. Nina kofia ya pikipiki, je inafaa?

Mwenyeji wa Raskazone

Inafaa kwa kuanzia, mradi ikukae sawasawa na uione miguu yako bila kuinama. Njoo Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla upepo wa bahari haujaanza kuleta mchanga uwanjani. Chombo kiwe na chaji kamili. Siku ya kwanza hatutakwenda popote: utapanda, utasimama, utashuka.

Kijana wa Makorora

Narudisha mrejesho. Leo nimepanda na kushuka mara arobaini na mbili. Kaka alikuwa ameshika mpini kutoka mbele, akihesabu kwa sauti. Mara kumi za mwanzo mguu wangu wa kulia ulikuwa unatangulia kabla magurudumu hayajatulia, na kila mara alinirudisha mwanzo. Baada ya hapo tulikwenda hatua sita mbele, tukasimama, nikashuka. Jumatano tunarudia hizo hatua sita, kisha tutaongeza kona ya kushoto.